Gololi juu ya rafu ya tatu

Mwanangu aliiweka gololi kwenye ncha ya rafu ya tatu, pale nilipokuwa nimeondoa vitabu nipanguse vumbi, akaiachia. Haikutulia. Ilianza kubiringika yenyewe polepole, ikaongeza kasi, ikapita katikati, ikarudi, ikakaa. Akaichukua akaiweka ncha ya pili. Ikarejea pale pale. Kwake ulikuwa mchezo mpya, akaendelea nao mpaka alipoitwa kula. Mimi niliketi sakafuni, nikafumba jicho moja kama nilivyowaona mafundi wakifanya, nikautazama ule ubao kutoka pembeni. Ulikuwa umeinama katikati kama kamba iliyoanikwa mablanketi. Kabati lilikuwa na miezi mitatu tu, na kila msumari uliokuwamo niliupiga kwa mkono wangu.

Kilichonisukuma kwenye useremala ni mchwa. Nafundisha Kiswahili shule ya sekondari, na vitabu vyangu nimevinunua kimoja kimoja tangu nikiwa chuoni, vingine vya mitumba kando ya barabara, vingine kwa kujinyima nauli. Tulipokuwa tukiishi Mishomoroni, hapa Mombasa, nyumba ya chini, nilivihifadhi katika maboksi chini ya kitanda. Masika moja nilivuta boksi nitafute diwani ya kufundishia. Kwa nje lilikuwa zima, hata utepe wa gundi haujabanduka. Nilipotia mkono, vidole vikazama. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu wenye unyevu, na katikati ya udongo magamba ya vitabu yamesimama bila kurasa. Mchwa walikuwa wamepanda kwenye ufa wa sakafu kwa kinjia cha udongo chembamba kama penseli, wakatoboa boksi kutoka chini, wakala kwenda juu. Nilitupa vitabu 41. Baadhi sijavipata tena mpaka leo.

Tulipohamia Mji wa Kale, ghorofa ya kwanza, upande wa Kibokoni, niliapa kwamba kitabu changu hakitagusa sakafu tena. Nilizunguka maduka ya fanicha. Yale makabati ya bei nafuu yalikuwa ya unga wa mbao ulioshindiliwa na kubandikwa karatasi yenye sura ya mti. Nilikuwa na meza ya aina hiyo kule Mishomoroni. Ukingo wake ulivimba kama mandazi msimu mmoja tu wa mvua. Ya mbao halisi yalikuwa nusu ya mshahara wangu na zaidi. Ilikuwa mwaka 2021, na marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali, iliyotangazwa Februari 2018, ilikuwa bado haijaondolewa, kwa hiyo mbao zilikuwa zimepanda bei kila mahali. Nikasema, kama ni kulipa, nilipe mbao peke yake. Kazi nitafanya mwenyewe.

Nilinunua msumeno, nyundo, tepu ya kupimia na guniya ya kunyooshea kona. Keekee ya umeme, ya kutobolea matundu, niliazima kwa kaka yangu. Nikaenda kwenye uwanja wa mbao nikaagiza saiprasi nane kwa moja, maana nilisikia wengine wakiagiza hivyo: upana inchi 8, unene inchi 1. Mvule ulikuwepo, mzuri, rangi yake kama asali, lakini bei yake kwa futi ilinifanya niurudishe mkono. Kijana akanichagulia mbao ndefu zilizonyooka, akazipitisha kwenye mashine ya randa, akazifunga juu ya mkokoteni. Zilinukia vizuri sana. Nilipoziegemea njiani nilihisi ubaridi, nikafurahia, kwani jua lilikuwa kali siku ile. Ule ubaridi ndio uliokuwa ukinieleza kila kitu, na mimi sikujua lugha yake.

Jumamosi mbili nilifanya kazi uani, chini ya ngazi. Mbavu mbili za futi sita, rafu tano za futi nne, misumari ya kawaida. Nilipomaliza tukaliinua watu watatu, tukagundua ngazi za nyumba hii zinakata kona mahali ambapo kabati la upana wa futi nne halipiti, hata ulilaze, hata ulisimamishe. Ikabidi niling'oe, nipandishe ubao mmoja mmoja, nilipigilie upya chumbani. Tangu hapo, kabla ya kukata chochote, napima mlango, kona ya ngazi na urefu wa dari. Na dari nalipima na nafasi ya ziada, kwa sababu kabati lililojengwa likiwa limelala, ukilisimamisha, kona yake hupanda juu kuliko urefu wa kabati lenyewe.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya kaskazi, hewa kavu kidogo, upepo unaingia dirishani mchana kutwa. Mbao zikaanza kubadilika. Mbavu zilijikunja upande kama ukuti unaokauka. Penye maungio pakafunguka nafasi ya milimita 5, unaona mwanga wa upande wa pili. Vichwa vya misumari vilianza kulia kutu, michirizi ya kahawia ikashuka kwenye ubao mweupe. Tuko karibu na Bandari ya Kale, na hewa ya chumvi haimwachi msumari mtupu. Vitabu vikubwa, kamusi na atlasi, vilichungulia nje kwa sababu nane kwa moja ikipigwa randa haibaki inchi nane, na mimi nilikuwa nimepima ukuta bila kupima vitabu. Kisha ikaja gololi.

Kuna mzee kwenye kichochoro chetu, seremala aliyestaafu, ambaye ujana wake wote alitengeneza milango ya nakshi na makasha. Nilimwomba aje aone. Alipanda ngazi taratibu, akanywa maji, akaingia chumbani. Nilitarajia aliangalie kabati. Yeye aliinua uso akatazama dari.

"Mwalimu," akaniambia, "hebu hesabu boriti hizo."

Nikahesabu. Akauliza kama najua kwa nini chumba hiki ni kirefu lakini chembamba. Nilimjibu kwamba nyumba za kale zote ziko hivyo. "Ndiyo, lakini kwa nini? Kwa sababu boriti ya mkoko yavuka mita mbili na nusu, karibu tatu, basi. Ukitaka ivuke zaidi, yainama. Upana wa chumba hiki haukuchaguliwa na mwenye nyumba. Umechaguliwa na mti." Ndipo akageukia kabati langu, akabonyeza rafu ya tatu kwa kidole gumba. "Na wewe ubao wa inchi moja wautaka uvuke futi nne, na karatasi juu yake. Karatasi ni mti vile vile, mwanangu. Umeweka mti juu ya mti."

Maneno yale yamekaa nami kuliko chochote nilichosoma baadaye. Nimelala chini ya boriti zile miezi mingapi, nikitazama juu kila asubuhi, na jibu la kabati langu liko pale.

Siku ya pili yake nilifunga vitabu vya rafu moja kwenye gunia safi nikaviteremsha kwa jirani yangu mwenye duka la unga. Mizani yake ilisoma kilo 35. Rafu tano, kilo 175, yaani mifuko mitatu na nusu ya saruji imekaa kwenye kitu nilichokipigilia kwa misumari. Na tofauti ya vitabu na mizigo mingine ni kwamba vitabu havishuki. Mtu akikaa kwenye benchi huinuka akaenda zake, benchi likapumzika. Kitabu hukaa usiku na mchana, na ubao unaobebeshwa bila kupumzika huendelea kuinama kidogo kidogo hata kama uzito haujaongezeka. Ukiutua mzigo baada ya mwaka, haurudi wote ulipokuwa.

Mwenzangu anayefundisha fizikia alinichorea hesabu yake ubaoni wakati wa mapumziko. Ukiuongeza maradufu urefu ambao rafu inavuka, na vitabu vikajaa mwanzo hadi mwisho, rafu huinama mara 16. Ukiuongeza maradufu unene wa ubao, kuinama hupungua mpaka sehemu moja ya nane. Rafu yangu ilivuka sentimita 120. Nikiipunguza iwe sentimita 70, kwa ubao ule ule, itainama mara nane na zaidi pungufu. Yaani kosa kubwa kuliko yote sikulifanya kwa msumeno. Nililifanya kwa penseli, siku nilipoandika "futi 4" kwenye karatasi kwa sababu ukuta ulikuwa na nafasi ya futi nne. Nilitamani mtu angeniambia hilo kabla sijatia mguu kwenye uwanja wa mbao, na ndiyo maana nalisema hapa kwa sauti: kwa ubao wa inchi moja, usipite sentimita 80. Ukuta ukiwa mrefu, jenga makabati mawili yasimame bega kwa bega.

Mzee alinifundisha pia ile lugha ya ubaridi. Ubao mbichi ukiuweka shavuni utauona baridi kuliko ubao mkavu uliokaa chumba kimoja nao, kwa sababu maji yaliyomo ndani yanatoka na kuondoka na joto. Ukiugonga kwa kifundo cha kidole, mbichi hutoa sauti ya kufa, mkavu hulia. Akasema nisiamini neno la muuzaji wala macho yangu. Mbao za kabati la pili ninunue mapema, nizianike ndani.

Nilinunua saiprasi tena, safari hii kumi kwa moja, nikawaomba wasizipige randa. Nilizichagua mwenyewe nikiziangalia kwenye ncha: mahali ambapo duara za mti zinaonekana, nikaepuka ubao uliotoka katikati kabisa ya gogo kwa kuwa huo hupasuka, na nikaepuka wenye ukanda mpana mweupe wa nje, ambao bungua, wadudu wanaotoboa mbao, wanaupenda kuliko moyo wa mti. Nilizipanga chumbani juu ya matofali, na kati ya ubao na ubao nikaweka vijiti vya unene mmoja, kila baada ya futi moja na nusu, kijiti juu ya kijiti, ili hewa ipite na ubao usipate mahali pa kujikunja. Ncha nilizipaka rangi iliyobaki nyumbani, maana maji hukimbilia kutokea nchani na ndipo mipasuko inapoanzia. Juu kabisa nikaweka mawe mawili ya kujengea.

Kisha nilikata kipande cha futi moja kutoka ubao mmoja, nikakipaka ncha, nikakiweka pamoja na wenzake. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikipima kwenye mizani ya jikoni na kuandika nyuma ya kalenda. Ijumaa ya kwanza gramu 1,148. Ya pili 1,066. Ya tatu 1,009. Nilishangaa sana kuona maji ya zaidi ya kikombe nusu yamepotea kutoka kwenye kipande kisichozidi urefu wa mkono, bila tone kuonekana sakafuni. Ya nne 968, ya tano 941, ya sita 925. Wiki ya tisa na ya kumi namba zilisimama, 903 na 902. Hapo nikajua mti umepatana na hewa ya chumba chetu. Sisemi umekauka, kwa sababu Mombasa mti haukauki kama unavyokauka Nairobi. Hewa yetu ina maji mwaka mzima. Lakini umepatana na mahali utakapoishi, na hilo ndilo linalotakiwa. Ubao wa inchi 10 ulikuwa umepungua upana kwa milimita 7. Urefu haukupungua hata kidogo cha kuonekana. Mti huvimba na kusinyaa kwa upana, si kwa urefu, na ukishaliona hilo kwa tepu yako mwenyewe utaelewa kwa nini mafundi wanakataa kuupigilia ubao mpana kila upande kama wanaufunga gerezani.

Kazi yenyewe ya kabati la pili ilichukua mwezi, jioni baada ya kusahihisha madaftari. Badala ya kuzitegemeza rafu kwa misumari, nilichimba mifereji kwenye mbavu, kina cha milimita 7, rafu zikaingia humo na kukaa. Mfereji wa kwanza ulinichukua jioni nzima: mistari miwili ya kisu, msumeno juu ya mistari, kisha patasi ikitoa maranda membamba mpaka chini pakawa sawa. Wa kumi niliumaliza wakati wali ukiiva. Usiogope wa kwanza ukitoka na meno meno, gundi na rafu vitaufunika.

Sikuwa na klampu za kubania. Mzee alinipa tyubu kuukuu ya baiskeli iliyochanwa ukanda mrefu. Unauzungusha kwenye kabati ukiuvuta, unaufunga, nao unabana kwa nguvu usiyoitarajia. Kabla gundi haijashika nilipima kona kwa kona, kutoka juu kushoto mpaka chini kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, kabati limenyooka. Vyangu vilitofautiana kwa milimita 14. Nilitia ukanda mwingine kwenye ile kona ndefu, nikavuta, nikapima, nikavuta tena mpaka ikabaki milimita 1. Nilitokwa na jasho kuliko siku ya kupandisha mbao, kwa kuwa gundi nyeupe haisubiri katika joto letu. Una dakika kumi hivi.

Mgongoni nikafunga plaiwudi ya milimita 4. Kabati la kwanza halikuwa na mgongo, na ukilisukuma kwa bega lilikuwa linayumba kama ngazi mbovu. Hili la pili halitikisiki. Mbele ya kila rafu, chini ya ukingo, nilibandika kipande cha upana wa inchi moja na nusu kimesimama wima, ambacho kinaizuia rafu kuinama na pia kinaipendezesha. Skrubu zote ni zilizopakwa zinki.

Miguu niliifanya sentimita 10 ili nione chini. Kila Jumamosi naingiza tochi kutazama kama kuna kinjia cha udongo kinachopanda. Ghorofani si rahisi mchwa wafike, lakini aliyeng'atwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyuma niliacha nafasi ya vidole vitatu kati ya plaiwudi na ukuta. Kuta hizi ni za matumbawe na chokaa, wakati wa masika zinanyonya maji na kuyatoa polepole, na kitabu kilichoegemea ukuta kama huo huota ukungu. Mwenye nyumba, anayeishi chini, alinionyesha madaka ya sebuleni kwake, yale mashubaka yaliyochimbwa ukutani na kupakwa chokaa, ambamo bado anaweka misahafu ya wazee wake. Kila daka lina upana wa kama mkono mmoja. Ukuta wenyewe ulikuwa kabati, na ulijengwa na watu waliojua kwamba kitu kifupi hakiinami.

Kulifunga kabati lisimwangukie mtoto kulikuwa na shida yake. Keekee ikiingia kwenye ukuta wa matumbawe hutoa unga, na plagi ya plastiki huzunguka bure ndani ya tundu. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba nilikifunga kichwa cha kabati kwa vipande viwili vya chuma kwenye boriti ya dari. Kwa hiyo sasa boriti zinalishika kabati zililolifundisha.

Vanishi niliipaka kwa pupa. Ilikuwa jioni ya mvua, na koti ya pili ikageuka nyeupe kama maziwa yaliyomwagwa, unyevu umenaswa ndani. Niliisugua kwa msasa nikasubiri siku ya jua, ikatoka safi. Halafu baada ya siku nne, mkono ukigusa ubao unauona mkavu, nikapanga vitabu. Nilipotoa kimoja baada ya wiki, kilibandukana na sauti, kikaacha ngozi ya jalada lake kwenye rafu. Alama hiyo ipo mpaka leo, rafu ya pili kutoka juu, herufi tatu zilizopinduka. Sasa nangoja wiki tatu.

Kabati la pili lina mwaka wa nne. Nilipolipima mwezi uliopita kwa uzi ulionyooshwa ncha hadi ncha, rafu iliyobeba kamusi imeinama milimita 1 na nusu. Lile la kwanza sikulitupa. Nilizikata rafu zake katikati, nikayageuza makabati mawili mafupi ya vitabu vya watoto, yapo sebuleni.

Mama wa jirani, ambaye binti yake amejiunga na chuo mwaka huu, ameniomba nimsaidie kujenga lake. Nilimwambia mbao tutanunua pamoja na msumeno atashika yeye. Zimepangwa chumbani kwake juu ya matofali, vijiti katikati, na kipande cha kupimia kipo juu ya jokofu. Ijumaa hii kilikuwa na gramu 987. Kaskazi ndiyo kwanza inaanza kuvuma, na tumekubaliana kwamba hatutagusa penseli mpaka namba isimame.